Saa ya Kurudi: Namna ya Kupanga Safari ya Miguu katika Milima ya Cairngorm

Mazungumzo yaliyosomwa katika mkutano mkuu wa ukoo na mjumbe wa Glasgow, mtumishi wa serikali mstaafu



 

Kamati imenipa dakika ishirini nizungumze juu ya jambo ambalo katika kikao kilichopita lilitugawa pande mbili. Vijana wetu wameleta ombi kwamba mkutano ujao, utakaofanyika mwezi wa Julai katika mji wa Aviemore huko Scotland, uwe na siku moja ya kutembea kwa miguu kupita mwanya wa Lairig Ghru, ambao hukata milima ya Cairngorm kutoka kaskazini hadi kusini. Baadhi ya wazazi wamekataa katakata, na sababu zao si za kubezwa. Kwa kuwa nimeishi Scotland tangu mwaka 1989, na milima hiyo nimeitembea kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, nimeombwa nieleze safari ya namna hii hupangwa vipi, ili mkutano ukate shauri kwa kujua, usikate kwa hofu wala kwa ushabiki.

Nitasema tangu mwanzo ninaloliamini, kisha nitalitetea. Safari ya milimani hupangwa kuanzia saa ya kurudi, wala si saa ya kuondoka. Wazee wetu walisema mpanda ngazi hushuka. Mwenye kupanga vizuri huanza kwa kujiuliza atashuka saa ngapi, kwa njia ipi, na nani aliyebaki nyumbani anayeijua saa hiyo. Asiyeweza kuyajibu maswali hayo matatu bado hajapanga safari, hata awe na viatu vya bei kubwa namna gani.

MILIMA YENYEWE

Najua kwamba ndugu zetu wa Tanga hucheka wakisikia habari za milima ya Uingereza. Mtu aliyezaliwa katika nchi yenye Kilimanjaro, mita 5,895, ataambiwaje kwamba Ben Nevis, mita 1,345, ndio mlima mrefu kuliko yote katika kisiwa hiki? Wa pili wake ni Ben Macdui, uliomo katika hiyo Cairngorm, nao una mita 1,309. Mji wetu wa Lushoto, tulikokuwa tukipelekwa utotoni kubadilisha hewa, uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Maana yake ni kwamba muuza viazi wa sokoni Lushoto husimama juu zaidi kuliko mtu aliyefika kileleni Ben Macdui.

Lakini urefu peke yake haupimi ukali wa mlima. Lushoto iko karibu na Ikweta. Cairngorm iko nyuzi 57 kaskazini. Juu ya milima hii hakuna mti wala shamba, bali uwanda mpana wa mawe na nyasi fupi, na theluji yaweza kuanguka huko mwezi wowote wa mwaka. Kwenye kilele cha Cairn Gorm, tarehe 20 Machi 1986, ulipimwa upepo wa kilomita 278 kwa saa. Huko Braemar, kijiji kilicho upande wa kusini wa milima hiyo, tarehe 10 Januari 1982 baridi ilifika nyuzi 27.2 chini ya sifuri. Hayo ni ya wakati wa baridi, na safari ya wakati wa baridi siipendekezi kabisa kwa ukoo huu. Nimeyataja ili mfahamu kwamba mlima mdogo kwa kipimo cha mita waweza kuwa mkubwa kwa kipimo cha hewa.

Hata katika Julai, hesabu ni hii: kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita hadi saba. Aviemore ikiwa na nyuzi 17, kileleni Ben Macdui huenda pakawa na nyuzi kumi, na hapo upepo na mvua havijahesabiwa. Mtu aliyelowa akapigwa na upepo huanza kupoteza joto la mwili upesi. Kwanza hutetemeka, kisha hujikwaa, kisha maneno humchanganyika, na mwishowe huacha kutetemeka, akawaambia wenzake kwamba yeye hana neno. Hapo ndipo pa kuogopa.

Jambo la pili ni upweke wa mahali. Milima hii imo ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,528 na ndiyo kubwa kuliko hifadhi zote za taifa za Uingereza. Sheria ya Scotland ya mwaka huo huo humpa kila mtu haki ya kutembea karibu kila mahali, mradi atembee kwa adabu na kwa kujali. Hakuna lango, hakuna tikiti, hakuna mlinzi wa kukuandika jina unapoingia. Anayepanda Kilimanjaro huandikishwa getini na huenda na waongozaji. Anayeingia Cairngorm haandikishwi na mtu yeyote. Uhuru huo ni neema, lakini una maana kwamba ukipotea hakuna daftari litakaloonyesha kuwa hujatoka. Daftari hilo hatuna budi kuliandika wenyewe.

YALIYOTUPATA MWAKA JUZI

Kwa ruhusa ya wahusika, ambao wamo humu ukumbini, nawakumbusha jambo ambalo wengi wenu mlilisikia vipande vipande. Mwezi wa Agosti mwaka juzi vijana wetu wanne walikwenda kupanda Ben Macdui kutokea upande wa kaskazini. Kwa wazazi wao walisema tu, "Tunakwenda Scotland." Mmoja wao alimwandikia bibi yake aliyeko Tanga, kwa mapenzi mema, kwamba watarudi "saa tisa".

Kijana huyo amezaliwa Leicester. Kwake saa tisa ni saa ya Kizungu, yaani saa tatu ya usiku kwa hesabu yetu. Bibi alielewa saa tisa kama aielewavyo kila mtu wa pwani, yaani saa tisa ya alasiri. Na kwa kuwa Tanga iko mbele ya Uingereza kwa saa mbili wakati wa kiangazi, bibi wa watu alianza kuwa na wasiwasi saa nane kamili kabla ya wakati ambao wajukuu walikuwa wameukusudia.

Huko juu ukungu ulishuka. Katika kuteremka, vijana walishika bonde la kusini badala ya lile la kaskazini. Kosa hilo ni la kawaida katika uwanda ule, ambapo pande zote hufanana na ambapo mtu aliyechoka huifuata miteremko inayomwita. Walikuwa wazima, wakitembea kwenye njia nzuri, lakini wakielekea upande ambao gari lao haliko. Gari lilikuwa zaidi ya kilomita 90 kwa barabara kutoka pale walipotokea. Simu hazikushika mpaka walipokaribia Braemar, usiku wa manane.

Katika muda huo, mama wa wawili kati yao alipiga simu polisi kutoka Leicester. Askari aliyeipokea alimwuliza kwa upole maswali manne: wamekwenda mlima gani? Wameanzia wapi? Walitazamiwa kutoka wapi na saa ngapi? Wamevaa nguo za rangi gani? Mama hakuwa na jibu hata moja. Wakati huo huo Muscat walikuwa wakiambizana kwamba mmoja ameanguka. Toronto walisikia kwamba wawili hawaonekani. Tanga, majirani walikwisha kuja kukaa barazani pamoja na bibi kama watu walio msibani. Ukoo mzima ulikuwa macho katika nchi nne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari moja ya kweli ya kuwapa waokoaji.

Sikulisimulia hili ili kuwaaibisha vijana. Wana miguu imara na mioyo mizuri. Nimelisimulia kwa sababu wale wanaosema "wasiende tena" na wale wanaosema "si walirudi salama?" wote wanaliacha jambo lenyewe kando. Shida ya usiku ule haikuwa ukungu, kwa maana ukungu ni desturi ya mahali pale. Shida ilikuwa kwamba hapakuwa na karatasi.

MSIBA WA MWAKA 1971

Ili msije mkadhani kwamba kila kosa milimani huishia kwa simu ya usiku wa manane, nitaje jambo moja lililoandikwa katika historia ya Scotland. Mwezi wa Novemba 1971, kundi la wanafunzi kutoka Edinburgh lilipelekwa kwenye uwanda wa Cairngorm pamoja na viongozi wao. Kundi liligawanywa mara mbili, wenye nguvu zaidi mbele na wengine nyuma, na wote walitazamia kulala katika kibanda kidogo cha wapita njia kilichokuwako huko juu. Dhoruba ya theluji ikaja. Kundi la kwanza lilikipata kibanda. La pili halikukipata, likalala nje usiku wa kwanza na wa pili. Wanafunzi watano na msaidizi wa kiongozi, msichana wa miaka 18, walipoteza maisha.

Uchunguzi ulifanywa mwaka 1972, na baadaye kibanda kile kilibomolewa. Huenda mtu akauliza: kwa nini kubomoa mahali pa hifadhi? Jawabu ni funzo kubwa katika kupanga safari. Kibanda kidogo katika uwanda uliofunikwa na theluji ni vigumu mno kukiona, na mpango ambao uhai wa watu umetundikwa juu ya kukipata huwavuta kwenda mbele wakati wanapotakiwa kurudi nyuma. Ndiyo maana nasema mpango mzuri hautegemei jambo moja lifanikiwe. Kila hatua iwe na mlango wa kutokea.

HESABU YA LAIRIG GHRU

Sasa nije kwenye safari yenyewe inayoombwa. Lairig Ghru ni mwanya mrefu kati ya Ben Macdui upande mmoja na Braeriach, mita 1,296, upande wa pili. Kutoka Coylumbridge, karibu na Aviemore, mpaka Linn of Dee upande wa Braemar ni kama kilomita 30. Mahali pa juu kabisa pa njia pana mita 835 hivi. Katikati hakuna barabara, hakuna duka, wala nyumba inayokaliwa. Mtu akiteguka mguu pale juu, atabebwa.

Njia huanza katika msitu wa misonobari ya kale, ikavuka daraja la chuma lililojengwa mwaka 1912 na chama cha wapanda milima kiitwacho Cairngorm Club, lenye bamba linalotaja umbali na muda wa kwenda pande mbalimbali. Kisha miti hubaki nyuma, kuta za milima hukaribiana, na pale juu njia hupotea katika majabali yaliyoporomoka, ambapo mtu huruka kutoka jiwe hadi jiwe. Upande wa pili yapo madimbwi matulivu yenye maji maangavu, ambayo ni sehemu ya chanzo cha mto Dee. Chini zaidi kuna kibanda cha mawe kiitwacho Corrour, kinachotunzwa na watu wa kujitolea. Hapo tutapumzika, lakini mpango usikitegemee kwa kulala.

Muda tutaupimaje? Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni inayotumika hata leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuitumie. Kutoka Coylumbridge mpaka juu ya mwanya ni kama kilomita 12, na kupanda ni kama mita 620. Kilomita hizo ni saa mbili na nusu kasoro, kupanda ni saa moja, jumla ni kama saa tatu na nusu. Lakini Naismith hakuwa na shangazi wa miaka hamsini na mitano katika msafara wake, wala hakusimama kupiga picha. Kwa kundi la ukoo, mimi huongeza nusu ya hesabu. Basi tuseme saa tano.

Tukiondoka 06:00, tutafika juu kama 11:00. Kutoka hapo hadi Linn of Dee ni kama kilomita 19 za kuteremka, ambazo kwa mwendo wetu ni saa sita au saba pamoja na mapumziko. Tutawasili kati ya 17:00 na 18:00. Katika Julai jua huzama huko karibu na 22:00, kwa hiyo tunabaki na saa nne za mwanga kama akiba. Akiba hiyo si ya kutumia kwa kuchelewa kuamka.

Na sasa saa ya kurudi: kundi ambalo halijafika juu ya mwanya ifikapo 12:00, ligeuke lirudi Coylumbridge. Hakuna mjadala, hakuna kura, hakuna "tumekaribia." Saa hiyo ikatwe mezani, usiku uliotangulia, watu wakiwa wameshiba na akili zao zimetulia, kwa sababu huko juu mtu aliyetoka jasho kwa saa sita hawezi kuwa hakimu mwema wa jasho lake. Hewa ikichafuka mapema, ligeuke mapema. Na utabiri ukiwa mbaya asubuhi, safari iahirishwe; ndiyo maana nashauri tutenge siku mbili katika ratiba, moja ya safari na moja ya akiba.

Vile vile magari. Kwa kuwa tunaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, basi dogo la kukodi ni lazima liwe linasubiri Linn of Dee, na dereva apewe nambari ya simu ya Aviemore. Tukirudi nyuma, yeye ndiye wa kwanza kuarifiwa, asije akaanzisha taharuki kwa kutotuona.

KARATASI

Katika utumishi wa serikali, kwanza Tanga na baadaye katika baraza moja la mitaa huku Scotland, nilifunzwa kwamba jambo lisiloandikwa ni kama halikusemwa. Basi kila safari iandikwe kwenye karatasi moja, nakala tatu: moja kwa kiongozi, moja kwenye nyumba tutakayofikia, na moja kwa mtu nitakayemwita mtunza karatasi. Iwe na mambo haya:

Kwanza, majina yote, umri, na maradhi ya kila mmoja pamoja na dawa atumiazo. Pili, njia tutakayopita, mahali pa kuanzia na pa kumalizia. Tatu, saa ya kuondoka, saa ya kugeuka na saa ya kuwasili. Nne, njia ya kutoroka hewa ikiharibika. Tano, rangi ya makoti na idadi ya mahema, kama yapo. Sita, saa ya wasiwasi, yaani saa ambayo mtunza karatasi, asiposikia neno, atapiga simu.

Saa zote ziandikwe kwa tarakimu za saa 24, na iandikwe "saa za Uingereza". Tusiandike saa tisa wala saa tatu. Lugha yetu ni tamu na hesabu yake ya saa ni ya busara, kwa kuwa huhesabu mchana tangu jua lichomozapo. Lakini katika ukoo ambao babu huhesabu kwa jua na mjukuu huhesabu kwa saa ya Kizungu, neno moja limekuwa na nyakati mbili. Kwa safari ya Lairig Ghru, saa ya wasiwasi iwe 21:00. Bibi yetu wa Tanga ataelezwa kwamba hiyo kwake ni saa tano za usiku, na kabla ya hapo alale usingizi wake.

Mtunza karatasi asiwe mmoja wa waendao, na nawaomba radhi akina mama, asiwe mzazi wa yeyote aendaye. Awe mtu mtulivu, mwenye simu iliyojaa chaji. Ikifika 21:00 bila habari, atawapigia kiongozi na dereva. Asipowapata, atapiga 999, ataomba polisi, kisha ataomba waokoaji wa milimani, na ataisoma karatasi neno kwa neno. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao na watoto wao, wanaoamka usiku kwenda kumtafuta mtu wasiyemjua, wala hawamtozi senti. Heshima ndogo tuwezayo kuwapa ni kuwaambia mahali pa kuanzia kutafuta.

Na ndugu wa Muscat, Toronto na Tanga wasipige simu milimani wala kwa wazazi. Wampigie mtunza karatasi peke yake. Katika ukoo uliotawanyika, hofu husafiri upesi kuliko habari. Dawa yake ni kuwa na mdomo mmoja wa kusema.

VYOMBO NA NGUO

Hapa nitapita upesi, kwa kuwa orodha kamili itabandikwa ukutani.

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika pamba, na pamba ni rafiki yetu kule kwa sababu hushika jasho na kutupoza. Kwa sababu hiyo hiyo ni adui huku. Suruali ya jinsi ikilowa haikauki, nayo humpoza mtu asiyetaka kupozwa. Vaeni sufu au vitambaa vya kisasa vya safari, na juu yake koti na suruali ya mvua. Kila mtu achukue kofia na glovu, hata Julai. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa mwezi mzima kabla. Kiatu kipya katika njia ya kilomita 30 ni adhabu.

Ramani iwe ya karatasi, ya kipimo cha moja kwa 25,000, ambapo sentimita nne ni kilomita moja, pamoja na dira na watu wawili angalau wanaojua kuzitumia. Simu ni msaada mzuri, lakini betri huisha upesi katika baridi na mawimbi mara nyingi hayashiki ndani ya mwanya. Kabla ya safari, kila mmoja ajiandikishe kwa kutuma neno "register" kwa namba 999, ili aweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi mahali ambapo sauti haipiti. Kila mtu awe na filimbi: milio sita katika dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha milio sita tena. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada, na jibu lake ni milio mitatu.

Chakula nawaachia akina shangazi, ila nashauri chapati, tende za Muscat na chupa za chai ya tangawizi. Na msisahau usubi. Mdudu huyu mdogo hutawala Julai jioni zisizo na upepo, na amewahi kuwakimbiza wanaume wasiokimbizwa na simba. Kupe pia wamo katika nyasi, nao huweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Kila jioni watu wajikague.

KWA WATOTO, JUU YA ZIMWI

Wajukuu wameniuliza kama ni kweli Ben Macdui una zimwi. Hadithi yake inajulikana sana. Mwaka 1925, katika mkutano wa Cairngorm Club mjini Aberdeen, Profesa Norman Collie, mwanakemia mashuhuri na mpanda milima hodari, alisimulia kwamba mwaka 1891 alipokuwa akishuka peke yake ndani ya ukungu alisikia nyayo nyuma yake, za mtu mwenye hatua ndefu mara tatu au nne ya zake. Alikimbia bila kutazama nyuma mpaka msituni. Tangu hapo watu humtaja Mtu Mkubwa wa Kijivu.

Mimi sijamwona. Lakini naiheshimu hadithi, kwa kuwa hueleza hali halisi: ukungu na upweke humfanya hata msomi akimbie, na anayekimbia katika uwanda ule hukimbilia genge. Kwa hiyo hatutembei peke yetu. Tukiogopa, tunasimama, tunakunywa chai, tunafungua ramani. Zimwi likitaka, linywe nasi.

NINALOLIOMBA

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zinakwisha. Nauomba mkutano ukubali safari hii, kwa masharti haya.

Kwanza, tugawanyike makundi matatu. Wazee na watoto wadogo wauzunguke ziwa la Loch an Eilein, lenye magofu ya ngome katika kisiwa chake. Njia yake ni ya kilomita tano hivi na ni tambarare. Kundi la kati litembee msituni mpaka daraja la 1912, kisha lirudi. Kundi la tatu tu ndilo lipite mwanya, nalo liwe la watu waliokwisha kutembea kilomita 20 kwa siku moja angalau mara mbili katika miezi mitatu ya kabla ya safari.

Pili, mfuko wa ukoo ulipie kiongozi mwenye cheti cha kuongoza watu milimani. Akisema tugeuke, hata mkubwa wa ukoo atageuka.

Tatu, pasiwe na safari bila karatasi. Na sharti hili lisiishie Julai. Kijana yeyote wa ukoo huu aendaye milimani, iwe Scotland, iwe Oman, iwe Usambara, aandike karatasi na kumwachia mtu.

Wazazi wanaokataa, nawaelewa. Tulihama nchi, wengine wetu zaidi ya mara moja, na kila kuhama kulitufundisha kuhesabu watoto wetu kila jioni. Lakini watoto hawa wamezaliwa au wamekulia katika nchi zenye milima hii, na wataipanda kwa idhini yetu au bila ya idhini yetu. Tukikataa, watakwenda kwa siri, na kwa siri maana yake ni bila karatasi. Tukikubali kwa masharti, tutajua waliko. Mimi naona usalama zaidi katika mlima ninaoujua jina kuliko katika ruhusa niliyoinyima.

Milima haikutani, wanadamu hukutana; nasi Julai, inshallah, tutakutana miguuni pa milima, tukihesabiana majina asubuhi na jioni, na hesabu zote mbili ziwe sawa.